Kuandika historia ya timu ya mtaani Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikuwa katibu wa timu moja ya mchangani pale Pasua, Moshi, na tulipoamua kuandika historia yetu ndo nikaona kazi ilivyo kubwa. Tangu tumalize napigiwa simu na watu wa Majengo, Njoro, Kiboriloni, Himo, wengine wako Arusha kule Ngarenaro na Sombetini, na maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Jina la timu yetu sijaliweka makusudi, hii ni kwa ajili yenu mnaotaka kuandika ya kwenu.

Timu yetu haijawahi kupanda hata daraja, kuna haja gani ya kuandika?

Haja ipo na ni kubwa. Simba na Yanga zina watu wa kuziandika kila siku, ya kwenu msipoandika nyie hakuna mwingine atakayekuja. Na ukikaa na wazee utashangaa, ndani ya historia ya timu unakuta historia ya mtaa mzima: nani alikuja kutoka wapi, kiwanda gani kilikuwa kinaajiri, shule ilijengwa lini, mto ulihama lini. Kwenye timu yetu wachezaji wa kwanza kabisa walikuwa Wapare, Wachagga, Wasambaa, na vijana waliokuja kutafuta kazi kutoka mikoa ya mbali, wote wanacheza pamoja na wote wanaongea Kiswahili uwanjani. Hiyo kitu huwezi kuikuta imeandikwa popote.

Tuanzie wapi?

Anzeni na majina ya kikosi. Usiende kwa mzee ukamuuliza "tupe historia ya timu", atakwambia ilikuwa timu nzuri sana alafu atanyamaza. Muulize golini alikaa nani. Beki mbili nani, beki tatu nani, namba sita nani. Hapo utaona macho yanabadilika, ataanza kupanga kikosi na akifika namba nane atabishana na mwenzake, na kwenye huo ubishi ndo historia inatoka. Sisi kikosi kimoja tu kilitupa hadithi za jioni nne.

Na nendeni wawili, mmoja anaongea na mzee na mwingine anaandika. Simu ya kurekodi iwepo lakini omba ruhusa kwanza, wazee wengine wakiona simu imewekwa mezani wanaanza kuongea kama wako kwenye mkutano wa hadhara.

Hatuna karatasi hata moja, daftari la timu lilipotea zamani. Tunafanyaje?

Pole, ila mko wengi. Madaftari ya timu huwa yanakaa kwa katibu, katibu akihama au akifariki familia haijui yale makaratasi ni ya nini, yanaishia kuwashia moto. Nendeni nyumbani kwa kila aliyewahi kuwa katibu au mweka hazina, salimieni vizuri, ombeni kwa upole waangalie kwenye masanduku na juu ya kabati. Sisi tulipata stakabadhi za michango ndani ya Biblia, mama mjane alikuwa amezihifadhi miaka yote kwasababu zina mwandiko wa marehemu mume wake, na tulipomuomba alitaka tupige picha tu, zenyewe zibaki kwake, na tukafanya hivyo.

Sehemu nyingine ni kwa msajili. Vilabu vya michezo vinasajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, kwahiyo kama timu yenu iliwahi kusajiliwa rasmi lazima kulikuwa na katiba, orodha ya viongozi na barua za kwenda na kurudi. Anzeni kwa afisa michezo wa halmashauri. Msikate tamaa mkiambiwa faili halionekani, rudini, ulizeni tena kwa barua sio kwa mdomo. Ofisi moja tuliyoenda sisi walitwambia hakuna kitu, tulivorudi mara ya tatu mhudumu mmoja mwenye huruma akaenda stoo mwenyewe akatoka na bahasha imejaa vumbi.

Ukipata barua ya zamani isome yote mpaka kichwani kwake. Namba za simu za mezani za Moshi zamani zilianza na 055 na za Arusha 057, siku hizi zote ni 027. Kama barua haina tarehe lakini juu ina 055 tayari unajua ni ya zamani kidogo.

Wazee wawili wanabishana mwaka wa kuanzishwa. Tumwamini nani?

Hili ndo swali naloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni kwamba msimwamini yeyote kwa mwaka, muaminini kwa tukio. Mtu wa miaka sabini na kitu hakumbuki kama ni 1976 au 1979, lakini anakumbuka kabisa siku hiyo kulikuwa na nini kingine mjini. Kwahiyo sisi tulitengeneza karatasi ya matukio, tukawa tunaenda nayo kila mahali, tunauliza "ilikuwa kabla ya hili au baada?"

Kwa huku kwetu matukio yanayosaidia ni haya. Uhuru, Desemba 1961, usiku ule mwenge ukapandishwa Kilimanjaro. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilipitishwa palepale Kaloleni Arusha na wazee wa Arusha wanaikumbuka ile wiki vizuri. Vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, hii ni muhimu sana kwasababu timu nyingi zilipoteza vijana waliochukuliwa jeshini na wengine hawakurudi. Msako wa wahujumu uchumi 1983. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984, kwa watu wa Arusha hiyo siku kila mtu anajua alikuwa wapi. Mwalimu kung'atuka 1985. Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Moshi, Septemba 1990, hata Waislamu wa mtaani kwetu wanaipimia miaka yao hapo maana mji ulijaa watu haijawahi kutokea. Mvua za El Nino 1997 kuingia 1998. Msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999.

Alafu kuna mpaka wa Kenya, na hili watu wa mikoa mingine hawalifikirii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Kwahiyo mzee akikwambia "tulipanda gari tukaenda kucheza Taveta, tukalala, tukarudi kesho yake", hiyo mechi ya kuvuka mpakani kwa amani uwezekano mkubwa ni kabla ya 1977 au baada ya 1983, hapo katikati sio rahisi. Sisi hiki kitu kimoja ndo kilitatua ubishi wetu wote. Mzee mmoja alikuwa anasema timu ilianza mwaka wa vita, mwenzake anasema ilianza zamani zaidi, na wote wawili wanakubali mechi ya kwanza ya ugenini ilikuwa Taveta na hakuna aliyewazuia njiani. Yule wa mwaka wa vita alikaa kimya muda mrefu, alafu akasema basi yeye ndo alichelewa kujiunga.

Msilazimishe mwaka mmoja kama haupo. Andikeni "kabla ya mpaka kufungwa". Kuna timu naifahamu walisogeza mwaka wao nyuma ili waonekane wakongwe kuliko jirani zao, na sasa hivi kila mzee wa mtaa wa pili akisoma ule ukurasa wa kwanza hasomi tena kurasa zilizobaki.

Sheria za mpira zinaweza kutusaidia kujua miaka?

Ndio, sana, na watu wengi hawajui hii njia. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika Kombe la Dunia la Mexico 1970, kabla ya hapo refa alikuwa anakutoa kwa mdomo na kwa kidole. Kipa kudaka mpira aliorudishiwa na beki wake kwa mguu ilikatazwa 1992. Pointi tatu kwa ushindi zilionekana Kombe la Dunia 1994 na FIFA wakaifanya ya kila mahali 1995, kabla ya hapo ushindi ulikuwa pointi mbili. Mzee akikwambia "tulitoka sare nyingi tukachukua kikombe", mara nyingi ni enzi ya pointi mbili, maana sare ilikuwa na thamani.

Ila kumbuka mchangani sheria zinafika kwa kuchelewa, refa wa mtaani anaweza kuwa anatumia ya zamani misimu miwili mitatu baada ya dunia kubadilika. Kwahiyo acheni nafasi.

Vifaa pia vinaongea. Mpira wa ngozi wa kufunga kwa kamba, uliokuwa ukilowa unakuwa mzito mpaka watu wanaogopa kupiga kichwa, huo ni wa zamani sana. Jezi za mitumba zenye maandishi ya timu za Ulaya zilianza kujaa baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 80. Kabla ya hapo wengi walikuwa wananunua fulana nyeupe wanazitia rangi kwenye sufuria, na mama mmoja wa kwetu anakumbuka mpaka leo jinsi jezi za bluu zilivyochuja mvuani timu ikamaliza mechi imekuwa ya rangi mbili.

Mzee anasema walikuwa mabingwa wa mkoa. Hiyo ilikuwa ligi gani kwa sasa?

Hapa muwe makini kwasababu majina yamebadilika na mikoa yenyewe imebadilika. Chama cha mpira cha taifa kilikuwa FAT mpaka 2004 ndo ikawa TFF. Leo juu kabisa kuna Ligi Kuu, chini yake Championship ambayo mpaka juzijuzi tulikuwa tunaiita Daraja la Kwanza, alafu First League ambayo ilikuwa Daraja la Pili, alafu mabingwa wa mikoa wanakutana, chini yao ni ligi ya mkoa na ligi ya wilaya. Mzee akisema "tulicheza daraja la pili" usiandike First League, andika alivosema, alafu eleza pembeni ilikuwa ngazi gani, ya wilaya, ya mkoa au ya taifa.

Na kwa Arusha kuna jambo kubwa zaidi. Mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kabla ya hapo timu ikiwa bingwa wa mkoa wa Arusha maana yake ilipambana na timu za Babati, Mbulu, Hanang, mpaka Kiteto huko. Ukiangalia ramani utaelewa ni safari za namna gani, barabara ya vumbi, kwenye lori, mnalala kwenye madarasa ya shule. Ubingwa ule ulikuwa mzito kwa jasho na kwa nauli, na nyie mnaoandika mna wajibu wa kumweleza hivyo kijana wa leo ambaye anaona Arusha ni Longido mpaka Karatu tu.

Ni kweli timu za huku ziliwahi kucheza ligi ya juu?

Kweli kabisa, na vijana wengi hawaamini. Ushirika ya Moshi ilikuwa ligi ya juu enzi zake, Arusha kulikuwa na Pallsons na Ndovu, baadaye AFC. JKT Oljoro ilipanda ikacheza mpaka ikashuka mwaka 2014. Polisi Tanzania ilipanda 2019 ikawa inatumia uwanja wa Ushirika Moshi, ikashuka 2023, na miaka ile minne Simba na Yanga walikuwa wanakuja Moshi, watu wanatoka Rombo na Same kuja kuangalia.

Naweka hili swali kwasababu timu za mtaani ndo zilikuwa zinalisha zile kubwa. Ulizeni wazee wenu nani alichukuliwa kwenda wapi. Mara nyingi timu ya mtaa inamkumbuka kijana wake aliyepanda, na yeye akiwa huko juu aliandikwa kwenye gazeti kwa jina bila mtaa. Nyie mna mtaa, wao wana jina, unganisheni.

Kwanini timu nyingi zilikufa miaka ya 90?

Ukiuliza wazee watakwambia ni viongozi wabaya. Inaweza kuwa kweli kwa timu moja moja, lakini zilipokufa nyingi kwa wakati mmoja mi nadhani lazima tuangalie hela zilikuwa zinatoka wapi.

Huku kwetu hela ilikuwa inatoka sehemu mbili. Ya kwanza kahawa. Mkulima wa Kibosho, Uru, Machame akiuza kahawa kupitia chama chake cha msingi na KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa Kilimanjaro, mji mzima unapumua, duka linauza, mwenye duka anachangia timu. Mwaka 1989 mkataba wa kahawa wa dunia ulivunjika, ule uliokuwa unagawa kiasi cha kila nchi kuuza, bei ikaporomoka vibaya na watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya na mahindi. Sijawahi kusikia mtu anaunganisha hilo na mpira ila muulize yeyote aliyekuwa mweka hazina wa timu miaka ile michango ilikauka lini, sikiliza atakachokwambia.

Ya pili ni viwanda na mashirika ya umma. Kijana alikuwa anaajiriwa kiwandani mchana jioni anacheza, anapewa ruhusa siku ya mechi, gari la kiwanda linawapeleka. Arusha kulikuwa na Kiltex, General Tyre, Moshi kulikuwa na kiwanda cha viberiti, cha ngozi, cha magunia. Ubinafsishaji ulipokuja kiwanda kimefungwa au kimeuzwa, mwekezaji hana habari na timu, na mchezaji mwenyewe ameenda kutafuta maisha Mererani kwenye tanzanite au Dar. Unabaki na jezi na uwanja bila watu.

Ongezeni na treni. Reli ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, kwa miaka mingi timu zilikuwa zinasafiri kwa behewa la daraja la tatu kwenda Same, Korogwe, Tanga kwa nauli inayolipika. Treni ya abiria ikaja kusimama, ikarudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha 2020. Hapo katikati timu ya mtaani ikitaka kwenda ugenini lazima ikodi gari, na kukodi gari kumeua timu nyingi kuliko kufungwa magoli.

Jina letu limebadilika mara tatu. Ni timu moja au tatu?

Angalieni watu, sio jina. Simba yenyewe ilikuwa Sunderland, ndo bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa 1965, ikaitwa Simba 1971, na hakuna anayesema ni timu mbili. Kama wachezaji ni walewale, uwanja uleule, kijiwe kilekile, ni timu moja iliyobadilisha jina. Kama ilivunjika, watu wakakaa miaka bila kucheza, alafu vijana wengine wakachukua jina kwasababu ni zuri, semeni hivyo wazi. Sio aibu kufufua.

Sheikh Amri Abeid alikuwa nani? Kila mtu anautaja uwanja hakuna anayemjua.

Sheikh Amri Abeid Kaluta, mzaliwa wa Ujiji, mshairi mkubwa wa Kiswahili, yeye ndo aliandika kanuni za utunzi wa mashairi ambazo wanafunzi bado wanazisoma. Alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye waziri kwenye serikali ya Mwalimu, akafariki 1964 akiwa bado kijana, miaka arobaini tu. Kama timu yenu imewahi kucheza fainali pale andikeni na habari yake mistari miwili. Napenda sana kwamba uwanja mkuu wa Arusha umebeba jina la mshairi.

Uwanja wetu wa zamani umejengwa maduka. Tuandike au tuache?

Andikeni, na andikeni kwa vipimo. Sisi wa kwetu ulimegwa upande mmoja zikajengwa fremu, tulilalamika mpaka tukachoka, kipande hakikurudi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba watoto wanaocheza pale sasa hivi hawajui kwamba kona ya kulia ilikuwa inafika mpaka ulipo mlango wa duka la simu.

Tulichofanya tuliwachukua wazee wanne asubuhi moja tukatembea nao. Mnajua Moshi kila kitu ni juu au chini, juu ni upande wa mlima, chini ni upande wa TPC, kiwanda cha sukari. Goli la juu lilikuwa hapa, goli la chini lilikuwa kwenye ule mkaratusi, na uwanja ulikuwa na mteremko kiasi kwamba ukishinda shilingi unachagua kushambulia kwenda chini kipindi cha pili wenzako wakiwa wamechoka kupanda. Wazee walisimama pale golini wakaanza kuonyeshana goli moja lilivofungwa, mmoja alikaribia kuanguka akimwonyesha mwenzake alivoruka. Tulipiga picha, tukapima kwa kamba, tukachora ramani kwenye karatasi ya manila. Ile ramani ndo kitu kinachoangaliwa zaidi kwenye kazi yetu nzima.

Alafu nendeni idara ya mipango miji mkaulize kama eneo liliwahi kuandikwa kwenye ramani kama kiwanja cha michezo. Kama liliandikwa mna hoja mkononi, na kama halikuandikwa basi angalieni haraka lile mnalotumia sasa hivi limeandikwa nini. Arusha wanajengewa uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027 na mimi naufurahia kwa moyo wote, ila kijana wa kuja kuuchezea anaanzia kwenye kipande cha vumbi nyuma ya nyumba yenu.

Mambo ya mamluki na "kamati ya ufundi", tuandike?

Mamluki andikeni, kila timu ilichezesha na kila timu ilichezeshewa, kijana anatoka Himo anaitwa jina la mtu wa Pasua kwa dakika tisini. Msitaje majina ya walio hai bila ruhusa yao basi. Na mambo ya waganga, ndo hiyo "kamati ya ufundi", nayo yalikuwepo, kuingia uwanjani kwa kuruka ukuta, kutopita mlangoni, kuchangishana hela usiku. Andikeni kama kilichofanyika, bila kusifia na bila kuwatukana waliofanya. Hela ile ilitoka kwenye mfuko wa timu na mweka hazina aliiandika "matumizi mengineyo", sasa msomaji ataelewaje mahesabu yenu?

Ugomvi na timu jirani ni hivyohivyo. Pale mlipopigana pelekeni mliyoandika kwa mzee mmoja wa upande wa pili, asome kabla hamjachapisha.

Wanawake wanaingia wapi?

Kila mahali. Sisi tulianza tukiwa na orodha ya wanaume watupu mpaka binti yangu akaniuliza jezi alikuwa anafua nani. Nikaona aibu kweli. Kulikuwa na mama aliyekuwa anafua jezi zote, za rangi ile ya kuchuja, kwa miaka, enzi ambazo sabuni inapatikana kwa foleni. Kulikuwa na aliyekuwa anapika mtori siku ya mechi kubwa, na mwenye kilabu cha mbege ambaye uani kwake ndo kilikuwa kikao cha timu na ndo chumba cha kubadilishia nguo. Yeye alikuwa anatunza hela za timu kuliko mweka hazina. Wote wamewekwa na picha zao.

Na ulizeni pia nani alicheza. Wasichana walikuwa wanacheza na kaka zao chandimu mpaka siku nyumbani wanaambiwa sasa basi, umekuwa mkubwa. Ligi Kuu ya Wanawake imekuja kuanza 2016. Hao wa zamani hawakuwa na pa kwenda.

Picha za zamani tufanyeje nazo?

Msichukue picha ya mtu mkaondoka nayo. Piga palepale nje kwenye kivuli, sio juani, mbele na nyuma, maana nyuma kuna mhuri wa studio na wakati mwingine majina. Alafu kaa na wazee watatu wakutajie waliosimama na waliochuchumaa kutoka kushoto. Asiyejulikana mwacheni na alama ya kuuliza, ukibandika ile picha kijiweni ndani ya wiki atapata jina.

Magazeti tunayapata wapi?

Jaribuni maktaba ya mkoa, na kama mna mtu Dar aende Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Uhuru, Mzalendo na Ngurumo ndo ya kutafuta. Kwa Moshi miaka ya 50 kulikuwa na gazeti la Wachagga, Komkya. Mkienda na tarehe mnapona, mkienda bila tarehe mtakaa pale mwezi.

Wakati gani mzuri wa kukusanya?

Moshi ni Desemba, hakuna ubishi. Wachagga wanarudi nyumbani kuanzia tarehe ishirini hivi, wachezaji wenu wa zamani wanatoka Dar, Mwanza, Nairobi, na karibu kila kijiji kina bonanza la kugombea mbuzi. Wekeni meza pembeni ya uwanja na zile picha, watu watakuja wenyewe. Arusha nimeona wanafanikiwa zaidi kwenye mechi za maveterani za wikiendi. Msipange kazi ya kutembea mwezi wa nne, ni masika, huku chini kwetu udongo unanasa viatu.

Mzee wetu wa mwisho wa kikosi cha kwanza anaumwa. Twende au tusubiri apone?

Nendeni. Mpigie kwanza anayemuuguza, uliza saa ngapi huwa ana nguvu, wengi ni asubuhi baada ya chai. Nendeni wawili, msibebe maswali mengi, bebeni ile picha ya timu na mkono wa kumsalimia. Kipa wetu tulimkuta kitandani haongei vizuri, tukamwekea picha mbele, akagusa kwa kidole mmoja mmoja, wote kumi na moja, na alipofika kwa yule ambaye hakuna mzee yeyote aliyekuwa anamkumbuka akasema jina lake mara mbili ili tuliandike sawasawa.